Si kweli kwamba ajali haina kinga

Ni msemo ambao karibu kila mmoja wetu ameutumia. Mtoto akimwagikiwa na uji moto, jirani huja kutoa pole na kusema, "Ajali haina kinga." Basi likibingirika na kuua abiria, maneno ni yayo hayo. Hata matangani husemwa, na waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Sina ugomvi na anayeutumia msemo huu kumliwaza mfiwa. Ugomvi wangu ni na mzazi anayeutumia kabla ya ajali kutokea, akaufanya kisingizio cha kutojitayarisha.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka imewadia. Katika wiki chache zijazo, maelfu ya wazazi wa Nairobi, Mombasa, Nakuru na miji mingine watafunga mizigo na kuwapeleka watoto mashambani. Watanunua nguo mpya, mchele, mafuta ya kupikia na blanketi ya kumpelekea nyanya. Wengine wameshaweka arubuni ya mbuzi. Lakini katika bajeti hiyo yote, mambo mawili hukosekana mara nyingi, nayo ni kinga na bima.

Isitoshe, watu huyachanganya mambo haya mawili. Kinga humzuia mtoto asiumie. Bima humzuia mzazi asiuze ng'ombe mtoto akishaumia. Moja haliwezi kufanya kazi ya jingine. Aliyelipa bima hawezi kusema sasa mtoto wake hatazama mtoni, na mwangalifu hawezi kusema kwamba hatawahi kuhitaji hospitali. Yote mawili hutafutwa kabla ya safari. Baada ya ajali, duka la yote mawili huwa limefungwa.

Safari yenyewe

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likiwapeleka watu harusini lilisombwa na maji ya mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto ule ulikuwa umefurika na kila aliyekuwa pale aliuona. Basi halikusukumwa majini na mtu, liliendeshwa. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa pale Migaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori vilipogongana usiku kabla ya mapambazuko. Nani atathubutu kusema kwamba maafa kama haya hayana kinga yoyote?

Ni kweli, mzazi hawezi kupanua barabara wala kumchagulia tajiri wa basi dereva. Hata hivyo, yapo aliyo na uwezo nayo. Anaweza kusafiri mchana badala ya usiku. Anaweza kuondoka siku mbili tatu mapema, kabla ya tarehe ambayo madereva wanakimbizana na nauli bila kulala. Anaweza kukataa kupanda gari lililojaa, na anaweza kushuka, au kupaza sauti, dereva akitaka kuvuka maji yanayopita juu ya barabara. Maji yanayokwenda kwa kasi hulisukuma gari hata yakiwa hayajafika kwenye madirisha.

Jambo la pili ni kiti. Ili kuokoa nauli, mzazi humpakata mtoto wa miaka minne au mitano, na pengine wawili. Gari likigonga kitu, mkono wa mzazi hauwezi kumzuia mtoto huyo, hata mzazi awe na nguvu za mbeba magunia. Mtoto huruka mbele, na mara nyingine kifua cha mzazi wake ndicho kinachombana kwenye kiti cha mbele. Mlipie kiti chake. Funga mkanda, naye umfunge wake. Sheria za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda na kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Siku hizi mkanda ukiuulizia, utingo hukutazama kana kwamba umetoka ng'ambo. Uulizie vivyo hivyo.

Halafu kuna bodaboda ya kumalizia safari, kutoka barabara ya lami hadi nyumbani. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, tena mwenye kofia. Sisi tunapakia mama, watoto watatu na sanduku. Ubongo wa mtoto ukitikiswa kwa kugonga lami, hakuna upasuaji unaoweza kumrudishia yote aliyoyapoteza. Nauli ya safari mbili za bodaboda ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara hiyo.

Bima ya gari ulilopanda

Kila gari barabarani linapaswa kuwa na bima ya kumkinga mtu wa tatu, kwa mujibu wa Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Matatu na mabasi hutakiwa kuwa na bima inayowafidia abiria pia. Lakini wengi hawajui kwamba sheria hiyo haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kuwakatia bima jamaa na marafiki aliowabeba bure. Kwa hiyo, ukiwa na bima ya mtu wa tatu pekee, mpita njia uliyemgonga anaweza kulipwa huku mtoto wako uliyekuwa naye ndani ya gari hana chochote. Muulize wakala wako swali hili wiki hii: "Abiria wangu wamo?" Kama hawamo, uliza ni kiasi gani kuwaongeza.

Fauka ya hayo, kila Desemba utaona magari madogo ya kibinafsi yakigeuzwa matatu na kubeba abiria wa kulipa. Bima ya gari la kibinafsi hairuhusu biashara hiyo. Likianguka, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na mwenye gari huenda hana hata ng'ombe wa kuuzwa. Nauli ikiwa nafuu kupita kiasi, jiulize ni nani atakayelipia ile sehemu iliyobaki.

Na iwapo ajali itatokea, Mungu apishe mbali, weka tikiti, andika nambari ya gari, ripoti kwenye kituo cha polisi na uchukue taarifa ya polisi. Hospitalini, omba maandishi ya matibabu na risiti zote. Madai mengi ya haki hufa kwa kukosa karatasi.

Boma la nyanya

Wazazi wengi hupumua wakishafika. Wanaona hatari imekwisha, watoto wamo mikononi mwa jamaa, hakuna magari wala wezi wa mjini. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya ghorofa hajui mto, hajui kisima, hajui ng'ombe mwenye ndama, wala hajui kwamba jivu la mekoni lina moto chini yake. Binamu zake wanavijua vyote hivyo. Yeye atawafuata tu.

Anzeni na maji. Siku ya kwanza, zunguka boma pamoja na watoto na uwaonyeshe kisima, bwawa, tangi na mto. Kisima kifunikwe kwa kitu ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Teueni mtu mzima mmoja, kwa jina, wa kuwaangalia watoto wanapocheza karibu na maji. Boma likiwa na watu wazima kumi na hakuna aliyetajwa, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Tena mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Huzama kimya, kwa dakika chache, watu wakiwa wanachinja mbuzi hatua chache kutoka hapo. Mlioamua kwenda Pwani badala ya mashambani, haya yanawahusu pia, baharini na kwenye vidimbwi vya hoteli.

Pili ni moto. Sufuria kubwa za chai na nyama huwekwa chini, kwenye mafiga, na watoto wanakimbizana. Wekeni mpaka ambao mtoto havuki. Mtoto akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini. Usimpake dawa ya meno, yai, unga wala siagi. Vitu hivi hushikilia joto, huleta uchafu kwenye kidonda, na humfanya muuguzi aanze kazi kwa kukwangua. Kwenye sehemu za baridi, kama Limuru na Nyandarua, msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Tatu ni chupa. Mafuta taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto wa mjini atayanywa akidhani ni soda. Akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mafuta hayo hudhuru zaidi yakiingia kwenye mapafu, na kumtapisha ndiko kunakoyapeleka huko. Mkimbize hospitalini. Zitazameni pia dawa za nyanya na babu. Tembe moja tu ya aina fulani za dawa za kisukari inaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu. Dawa zote ziwekwe juu na zifungiwe.

Nne ni wanyama. Mtoto akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umpeleke akadungwe chanjo siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonyesha dalili, kwa kawaida hauponi. Akiumwa na nyoka, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana wala msipoteze saa mbili mkitafuta jiwe jeusi. Mtulizeni, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, na aende hospitalini.

Homa ya Januari

Nairobi ina malaria kidogo sana. Maeneo ya Ziwa Viktoria na Pwani yana malaria nyingi. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwili ambayo binamu yake wa Homa Bay au Kwale ameijenga kidogo kidogo kwa kuumwa na mbu miaka yote. Ndiyo sababu wanaweza kulala kitanda kimoja, wakaumwa na mbu mmoja, mmoja akawa na homa ndogo na mwingine akalazwa akiwa na malaria ya kumpanda kichwani. Pakia vyandarua vyenye dawa kabla ya kupakia mchele. Ukiwa mjamzito, au mtoto ana ugonjwa wa selimundu, muone daktari kabla ya safari ujue kama mnahitaji dawa za kuzuia malaria.

Malaria haiji siku hiyo hiyo. Dalili huweza kuanza kati ya wiki moja na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, yaani shule zikiwa zimeshafunguliwa na safari imesahaulika. Mtoto akipata homa Januari, mwambie daktari bila kuulizwa: "Tulikuwa Kisumu Krismasi." Sentensi hiyo fupi imewahi kufanya kazi kuliko vipimo vingi.

Sasa tuje kwenye bima ya afya

Hapa kuna wazazi wengi wanaoishi na habari za zamani. Hazina ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kazi hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Vivyo hivyo, mzazi anayedhani kwamba mwanawe wa sekondari ya umma bado analipiwa na mpango wa EduAfya ulioanza mwaka wa 2018, ajue kwamba mpango huo ulikwisha. Mtoto huyo sasa anategemea jina lake kuwa kwenye bima ya mzazi.

Na jambo linalowakwaza wengi ni hili: kujiandikisha si kulipa. Aliyejiandikisha, jambo linalofanyika bila malipo kwa kubonyeza *147# kwenye simu, anastahili huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Lakini kulazwa hospitalini hulipiwa na hazina ambayo sharti uwe umechanga. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Asiyeajiriwa hukadiriwa kulingana na uwezo wa familia yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, au Sh3,600 kwa mwaka. Mbuzi wa Krismasi ni ghali kuliko hapo.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga mizigo, hakikisha mambo matatu. Kwanza, mchango wako umelipwa. Na kama umeajiriwa, thibitisha kuwa ulichokatwa kimefika. Pili, jina la kila mtoto limo, pamoja na yule mchanga aliyezaliwa mwaka huu. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa. Tatu, kama una bima ya kampuni binafsi, uliza ni hospitali gani zinazoikubali katika kaunti unayokwenda. Kadi inayokubaliwa katika hospitali tano za Nairobi huenda isikubaliwe hata katika moja kule uendako.

Kuna kosa jingine la kimya ambalo nimeliona mara nyingi. Mama na watoto hutangulia mashambani, baba akabaki kazini hadi mkesha wa Krismasi. Nambari ya SHA imo kwenye simu ya baba, kadi ya bima imo kwenye pochi ya baba, na simu ya baba imezimika. Kila mtu mzima anayesafiri na watoto awe na nambari hizo, nakala za vyeti na kijitabu cha kliniki. Watoto wakibaki na nyanya, naye apewe karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina kamili la mtoto, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, nambari za wazazi na kibali cha kumtibu. Nyanya anaweza kuwa amelea watoto tisa, lakini hana njia ya kujua kwamba mjukuu huyu hudhurika na penisilini. Mwenye pumu, kifafa au selimundu abebe dawa za siku zote za likizo na za wiki moja zaidi.

Hata kama huna senti, kumbuka kwamba Katiba, katika kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtoto anayehema kwa shida au aliyezimia asicheleweshwe nyumbani kwa sababu mnachangisha pesa. Mpelekeni kwanza. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua pia kwamba kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa kushindwa kulipa bili ni kuvunja haki zake.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mzazi

Sitakuwa mwadilifu nikimlaumu mzazi peke yake. Mama muuza mboga na fundi wa jua kali hupata pesa za leo kwa leo. Kuwataka walipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, tena karibu na Januari ya karo na sare za shule, ni kuwafungia mlango nje. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopa mchango huo na kurejesha kidogo kidogo, ni hatua nzuri, lakini bado ni deni. Mwenye mshahara hukatwa mwezi kwa mwezi bila kukopa. Sioni ni kwa nini maskini asiruhusiwe kulipa kwa njia hiyo hiyo.

Aidha, zahanati ya mashambani ikikosa dawa ya malaria au chanjo ya kichaa cha mbwa mwezi wa Desemba, bima ya mzazi haitamsaidia. Kaunti zinajua kila mwaka kwamba wageni watakuja. Zinawapokea kwa hotuba makanisani na kwenye hafla. Ziwapokee pia kwa dawa kwenye rafu na wauguzi walio zamu.

Lakini usisubiri kaunti. Leo jioni, kabla ya kukata tikiti, kaa na mwenzako dakika 30. Angalieni SHA, mpigieni wakala wa bima, andikeni karatasi ya nyanya, hesabuni vyandarua na viti vya safari. Kisha mpigieni nyanya simu mumuulize maswali mawili: kisima kimefunikwa? Mafuta taa yamewekwa wapi? Huenda akacheka na kuwaambia kwamba mjini mmekuwa waoga. Mwacheni acheke, halafu mngojeni akatazame na awape jibu.